Nyumba Haijafika Mnadani

 

Juzi nilikuwa mnadani hapa Karatu. Sikuwa na ng'ombe wa kuuza wala fedha za kununua, nilikwenda kusikiliza tu. Kando ya dume moja jekundu alisimama kijana wa miaka kama kumi na miwili na fimbo yake. Nikamuuliza, hili litakwenda kwa shilingi ngapi? Akalitazama nundu, akalizunguka mara moja, akaniambia bei. Haikupita nusu saa dume likauzwa, na yule mtoto alikuwa amekosea kwa shilingi elfu ishirini. Hakuna darasa alilofundishwa jambo hilo. Amekua akiona ng'ombe wakiuzwa mbele ya macho ya watu wote, bei ikitajwa kwa sauti, wazee wakibishana, mnunuzi akihesabu noti hadharani. Nikamuuliza swali la pili: na nyumba yenu, ingeuzwa leo, ingefika shilingi ngapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mama yake.

Msikilizaji, swali hilo hilo nimewauliza watu wazima kumi na zaidi tangu siku ile. Walimu, madereva wa watalii, akina mama wenye genge, mkulima wa mahindi wa Endabash. Kila mmoja alijua bei ya ng'ombe, bei ya gunia la vitunguu, bei ya mafuta ya leo asubuhi. Kuhusu nyumba, ambayo ndiyo mali kubwa kuliko zote alizonazo, alinipa jibu la kubahatisha, au alinitajia gharama alizojengea. Jambo hili linaniuma, na nitawaeleza kwa nini.

Baba yangu mdogo alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma kando ya barabara kuu hapa mjini. Aliijenga enzi barabara ikiwa bado ya vumbi, wakati safari ya kutoka Arusha ilikuwa ya kutwa na wakati wa masika ilikuwa ya kulala njiani. Aliijenga kwa miaka minane: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, akauza fahali wawili akapaua. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, ikaja lami kutoka Makuyuni, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hapo juu ya Mto wa Mbu, ikapita mbele ya mlango wake na kwenda kuishia lango la Ngorongoro. Nyumba haikubadilika. Bati ni lile lile, choo ni kile kile cha uani. Kilichobadilika ni kilichopita mbele yake.

Ikafika siku ya shida. Mtoto alilazwa, bili ikapanda, na ndani ya siku nne dalali akaleta mnunuzi. Baba mdogo akakaa na karatasi, akahesabu tofali, bati, mbao, saruji, mshahara wa fundi, akaongeza kidogo, akataja bei. Mnunuzi hakubishana hata kwa shilingi moja, na hiyo peke yake ilitosha kumshtua muuzaji. Fedha zikalipwa. Wiki ya tatu nyumba ikabomolewa yote, na mahali pake zikapanda fremu sita za maduka. Baba mdogo aliuza tofali, mwenzake alinunua barabara.

Mama mdogo alijua habari hiyo fedha zikiwa zimeshalipwa. Hapo nitasema neno moja la sheria kisha nisonge mbele, maana nyumba nyingi zinapotea kupitia mlango huu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama mdogo angeweza kupinga. Hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Sasa, bei ya soko ni nini? Wathamini wana maelezo yao, na nitayasema kwa lugha ya mnadani. Ni bei ambayo mnunuzi anayetaka kununua na muuzaji anayetaka kuuza wangekubaliana, kila mmoja akiwa na habari kamili, hakuna aliyebanwa na shida, hawana undugu wa kupunguziana, na nyumba imetangazwa muda wa kutosha ili wenye nia wote waione. Mpime baba mdogo kwa maneno hayo. Alibanwa. Hakuwa na habari. Siku nne hazitoshi kutangaza hata mbuzi. Alichopata kilikuwa bei ya shida, na bei ya shida haisemi lolote kuhusu thamani ya nyumba, inasema tu urefu wa bili ya hospitali.

Mthamini anayekuja kwako na kamba yake ya kupimia hutumia njia tatu hasa. Iliyo bora, pale inapowezekana, ni ya kulinganisha: anatafuta nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni, kisha anarekebisha. Nitatoa mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu, usiende kudai kwa jirani. Tuseme nyumba yako ina vyumba vitatu kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mtaa wa pili iliuzwa mwaka jana nyumba kama hiyo kwa milioni 40, ila ile ina maji ya bomba na yako haina. Kuyavuta kutakugharimu milioni moja na nusu, basi unashuka hadi 38 na nusu. Nyingine iliuzwa kwa milioni 30, lakini ukiuliza vizuri unaambiwa ndugu waligombana baada ya msiba wakauza haraka wagawane. Hiyo huipi uzito. Ya tatu iliuzwa milioni 38, imechakaa kidogo kuliko yako, ila iko karibu zaidi na stendi. Mwisho wake mthamini anakwambia nyumba yako iko kati ya milioni 37 na 40. Umeona, hakutoa namba moja kana kwamba imeandikwa ukutani. Na anayekutajia namba moja bila kukwambia amelinganisha na nyumba gani, huyo mwombe arudi tena.

Njia ya pili ni kuangalia kodi. Nyumba hiyo hiyo ikipangishwa kwa laki mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni mbili na laki nne. Lakini Karatu tunajua vyumba vinavyokaa vitupu. Masika yakianza, Aprili na Mei, watalii wanapungua, hoteli zinapunguza wafanyakazi, wapangaji wanarudi kwao. Toa miezi miwili, inabaki milioni mbili. Toa matengenezo laki tatu, inabaki milioni moja na laki saba. Mnunuzi akikubali kusubiri miaka kumi na mitano kurudisha fedha yake, hesabu inafika milioni 25 na laki tano. Mbona ni ndogo kuliko ile 38? Kwa sababu wanunuzi wengi hapa hawanunui kodi. Wananunua tumaini kwamba ardhi itapanda. Tofauti hiyo ya milioni kumi na mbili na nusu ni bei ya tumaini, na tumaini linaweza kuanguka. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege za watalii, wenye nyumba za kupangisha walikaa na funguo mkononi. Madereva waliegesha magari, wapishi wa kambi wakarudi kulima. Nyumba zilizokuwa zikigombewa mwezi Januari hazikuulizwa mwezi Juni. Mji unaokula kwa mkono wa mgeni, bei za nyumba zake husafiri na ndege. Msikilizaji unayefikiria kununua hapa, usikubali kulinganisha na bei za mwezi Agosti peke yake.

Njia ya tatu ndiyo aliyoitumia baba mdogo bila kujijua, ya gharama: kiwanja kina thamani gani kikiwa kitupu, kujenga nyumba kama hii leo kungekuwa kiasi gani, kisha unatoa uchakavu. Ina mahali pake. Shule, kanisa, zahanati, vitu visivyouzwa mnadani kila siku, huthaminiwa hivyo. Lakini yeye alisahau nusu ya kwanza, kiwanja. Na kulikuwa na sababu ya kusahau, wala haikuwa ujinga.

Mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliandika makala aliyoiita Mali ya Taifa, akipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwapa watu ardhi ya kumiliki moja kwa moja na kuiuza kama bidhaa. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeiumba ardhi, mtu ana haki juu ya jasho lake tu, yaani kile alichojenga na kupanda. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ukafutwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mbele ya sheria, kiwanja kitupu hakikuwa na bei. Ulichoweza kuuza ni maendelezo. Ndiyo maana wazee wetu walipanda migomba mitano kwenye kiwanja wakachimba na msingi kidogo, ili wapate kitu cha kuuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ndiyo iliyotamka kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na thamani hiyo izingatiwe katika kila shughuli inayoihusu. Marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua zaidi uuzaji wa ardhi isiyoendelezwa. Ardhi yenyewe bado ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Wewe unauza haki yako ya kuitumia. Lakini haki hiyo sasa ina bei, na sheria inaikiri. Baba mdogo alikuwa amefundishwa vizuri sana na enzi iliyopita. Mimi bado naiheshimu hoja ya Mwalimu. Ninachosikitikia ni kwamba nchi ilibadilisha hesabu, na wale walioishi kwa hesabu ya zamani hawakupewa taarifa.

Turudi Karatu, maana kila mji una mambo yake yanayopandisha na kushusha bei, na mthamini aliyetoka mbali anaweza asiyaone. Maji kwanza. Wenye umri wangu wanakumbuka punda na madumu. Nyumba yenye bomba linalotoa maji mwezi wa tisa na nyumba yenye bomba linalokohoa si nyumba sawa, hata kama zote zimeandikwa zina maji. Nenda mwezi wa tisa, fungua koki, usikilize.

La pili ni korongo. Dongo letu jekundu ni zuri kwa tofali na kwa mahindi, lakini maji ya mvua yakishapata njia hulikata kama kisu kwenye ugali. Nimeona kiwanja ambacho mpaka wake ulikuwa mti wa mgrevilea, leo mti huo uko chini ya korongo, mizizi juu. Ukinunua kiangazi unaona bonde dogo lenye nyasi, mbuzi wanalisha. Uliza majirani limesogea hatua ngapi tangu mwaka juzi.

Na hapo kwenye hatua nisimame. Viwanja vingi pembezoni mwa mji vinauzwa kwa hatua, ishirini kwa thelathini. Hatua ya mtu mfupi, au ya mtu mrefu anayetembea kwa ufupi, inaweza kuwa sentimita 80. Piga hesabu: hatua 20 zinakuwa mita 16, hatua 30 zinakuwa mita 24. Eneo ni mita za mraba 384. Uliyedhani unanunua mita 20 kwa 30 ulitarajia 600. Umepoteza zaidi ya theluthi moja ya kiwanja kwa sababu ya mguu wa mtu. Utepe wa mita hamsini hauna gharama ya kukuzuia. Nenda nao.

Halafu karatasi. Nyumba yenye hati miliki iliyopimwa, nyumba yenye hati ya hakimiliki ya kimila kwenye ardhi ya kijiji, na nyumba yenye mkataba ulioandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, hizo ni nyumba tatu za bei tatu hata kama kuta zao ni pacha. Ya kwanza benki itaipokea. Ya tatu, mnunuzi anajua analipia pia uwezekano wa kesi, kwa hiyo anatoa gharama ya kesi kwenye bei yako bila kukwambia. Ukitaka kuongeza thamani ya nyumba yako bila kununua tofali moja, panga karatasi zako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kuna jambo linalowachanganya wengi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa kiwango kimoja kwa nyumba zote za kawaida. Watu wamezoea kuona nyumba ya fundi cherehani na ile ya mwenye magari sita ya watalii zikikatwa sawasawa kila mwezi, wakaamini hesabu hiyo inasema kitu juu ya thamani. Haisemi. Siku ya kuuza, mamlaka ya kodi itauliza thamani halisi, na ripoti ya uthamini itahitajika. Mwenye haki ya kuiandika ni mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Dalali ana kazi yake, anakutana na wanunuzi na anajua nani ana fedha. Lakini dalali analipwa nyumba ikiuzwa, mthamini analipwa hata ukiamua kutouza. Tofauti hiyo itoshe kukuonyesha umwamini nani kwa lipi.

Hadi hapa, msikilizaji, nimezungumza kana kwamba soko lipo. Naomba sasa tupande gari, tupite mashamba ya kahawa, tufike Lodoare, kwenye lango la Ngorongoro. Kutoka Karatu mjini ni mwendo usiofika nusu saa. Upande huu wa lango kuna madalali, fremu, viwanja vya hatua ishirini. Upande ule, katika eneo lenye kilomita za mraba zaidi ya 8,000, hakuna soko la nyumba. Hakuna nyumba ya kulinganisha nayo.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, lilipotengwa na Serengeti. Wafugaji waliokuwa Serengeti wakahamia huku, wakiambiwa kwamba huku watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakatolewa. Kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda tangu 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Nyumba ya kudumu haijengwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Kwa hiyo familia iliyokaa hapo vizazi vitatu haina ukuta wa saruji wa kuonyesha, si kwa sababu haikutaka kujenga, bali kwa sababu haikuruhusiwa. Kisha siku moja anakuja mthamini na fomu.

Siku hiyo ilifika mwaka 2022. Serikali ilianza kuhamisha familia kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ambako Jeshi la Kujenga Taifa lilijenga nyumba za vyumba vitatu, kila kaya ikapewa pia shamba la ekari tano. Serikali imesema wakati wote kwamba ni kwa hiari. Wakazi wengi wamesema hadharani kwamba hawataki kuondoka, na Agosti 2024 walijitokeza kwa maelfu kandokando ya barabara ya hifadhi kusema hivyo. Desemba mwaka huo Rais Samia alikutana na wawakilishi wao Arusha, akatangaza tume mbili, moja ya kuangalia mgogoro wa ardhi na nyingine utekelezaji wa zoezi la kuhama. Mjadala huo ni mkubwa kuliko kipindi hiki. Mimi nabaki kwenye swali langu dogo: nyumba ile ilithaminiwa vipi?

Sheria yetu ya fidia si mbaya kwenye karatasi. Inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinasema anayehamishwa alipwe thamani ya soko ya ardhi na vilivyomo, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa umbali wa hadi kilomita 20, posho ya makazi sawa na kodi ya pango ya miezi 36, na kama alikuwa na biashara, faida ya miezi 36. Sheria ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita riba ianze kuhesabiwa, na uthamini ukipita miaka miwili ufanywe upya. Hata makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969. Mwenye mali husimama mbele ya nyumba yake na namba kifuani, anapigwa picha.

Sasa zisome kanuni hizo ukiwa umesimama Endulen, ndani ya hifadhi. Thamani ya soko, soko lipi? Posho ya makazi kwa kodi ya pango, nani anapangisha enkaji, nyumba ya Kimaasai? Mthamini hana budi kurudi kwenye njia ya tatu, ya gharama: fito, udongo, kinyesi cha ng'ombe, siku za kazi, toa uchakavu. Jibu linatoka dogo. Si lazima mthamini awe na nia mbaya, hesabu inatoka ndogo kwa sababu nyumba ile ilikatazwa kuwa kubwa. Ni kosa lile lile la baba mdogo, la kuhesabu tofali na kusahau kilicho mbele ya mlango. Tofauti ni kwamba baba mdogo aliisahau barabara mwenyewe. Huku, nyasi, chumvi ya mifugo, chemchemi na njia ya kuhamia nyanda za chini wakati wa mvua havina mstari kwenye fomu, ingawa ndivyo vinavyofanya boma kuwa mahali pa kuishi. Mwenye ng'ombe hamsini bila malisho hana ng'ombe hamsini. Hilo yule mtoto wa mnadani angekueleza.

Wapo watakaosema nyumba ya saruji ya vyumba vitatu inazidi mara nyingi thamani ya kibanda cha udongo, kwa hiyo mtu amefaidika. Kama tunapima kuta, ndivyo. Na wapo waliokwenda Msomera wakasema wazi kwamba wamepata maisha bora, shule karibu, hati mkononi, uhuru wa kujenga wanavyotaka. Siwapuuzi, mtu akiniambia amefurahia nyumba yake namwamini. Ninachokataa ni kupima upande mmoja kwa tofali na upande mwingine kwa tofali, kisha kusema tumepima makazi. Kama hakuna soko, tuseme hakuna soko, tutafute kipimo kingine pamoja na wenyewe, mbele yao, kwa sauti, kama mnadani. Kipimo kinachofanyika chumbani hakitaaminiwa hata kikiwa sahihi.

Mwezi uliopita nilizungumza na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuja Karatu kumtembelea binti yake. Ni mzee, sitamtaja. Nikamwita yeyo, yaani mama, akaniita mwanangu, tukanywa chai. Kwao mama ndiye anayejenga enkaji na nyumba ni yake. Mume ana wake watatu, nyumba ni tatu, na kila moja ina mwenyewe. Nikamuuliza, yeyo, ikija fomu ya kuandika mwenye nyumba, litaandikwa jina la nani? Akasema hilo nalo yeye analiuliza.

Akanieleza alivyoijenga, mvua zilizopita juu yake, watoto aliozaa humo. Akanieleza mti wa oreteti ulio karibu, ambako wanawake hukusanyika kuomba mvua. Akataka kujua kama mti huo unahesabiwa. Nikamweleza kwamba kwa kawaida inahesabiwa miti ambayo mtu ameipanda mwenyewe. Akanyamaza, akazungusha kikombe mkononi. Akasema oreteti haukupandwa na mtu, ulikuwepo.

Kisha, maana na yeye amekwenda mnadani maisha yake yote, akaniuliza kama siku moja nyumba yake ikiletwa pale, ikazungushwa watu waione kama dume linavyozungushwa, nani atakuwa wa kwanza kutaja bei, na atakuwa ameangalia nini.